PCB au CBG? Jibu kwa binti wa Geita mwenye D ya Hisabati

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 17 kutoka Geita, nimemaliza kidato cha nne shule ya kata. Nimepata daraja la kwanza la pointi 17: Jiografia A, Kiswahili B, Biolojia B, Kemia C, Fizikia C, Kiingereza C, Historia C, Uraia C, Hisabati D. Kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, nilijaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa sababu baba anataka niwe daktari, na tangu matokeo yatoke ananiita daktari mbele ya wageni. Mwalimu wa taaluma ameniambia PCB itanishinda, niende CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Mjomba anasema CBG haina maisha, afadhali PGM. Mimi mwenyewe sijui. Ninachopenda ni kujua vitu. Mwaka jana walikuja watu wa maji kupima kisima chetu, maana kiko chini ya mahali wanapochenjulia dhahabu. Walichukua maji kwenye chupa ndogo za kahawia wakawa wanachora mteremko wa ardhi kwenye karatasi. Niliwafuata mpaka jioni nikichota maji na kushika kamba. Dirisha la kubadili likifunguliwa, nichague nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Pointi 17 ndiyo ukingo wa daraja la kwanza. Ungeteleza kwenye ile A au B mojawapo tu ungeangukia la pili. Kufika hapo kutoka shule ya kata si jambo dogo. Nataka ulifurahie kwanza, wewe na wazazi wako, kabla hatujaanza hesabu za kombi.

Nianze na mjomba, maana lake ni fupi. PGM ni Fizikia, Jiografia na Hisabati ya advansi, yaani ya kidato cha tano na sita. Ni kombi nzuri, wapima ardhi na wataalamu wa hali ya hewa wengi wametokea huko. Lakini Hisabati unayo D, na wanaopangwa kidato cha tano kwa kawaida ni wenye C kwenda juu katika masomo ya tahasusi, yaani ya kombi. Hata shule binafsi ikikupokea, Hisabati ya advansi itakupeleka mbio tangu wiki ya kwanza, na wenzako watakuwa wameingia na A na B. Jiografia yako ya A haiwezi kuibeba. Mwambie mjomba asante, PGM tumeiweka pembeni. Hilo lake la kwamba CBG haina maisha nitalirudia, kwa sababu si kweli na limewaumiza watoto wengi.

Sasa baba na mwalimu wa taaluma. Unaniandikia kama vile mmoja wao lazima awe amekosea. Mimi naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Nusu ya baba ni hii: ukitaka kuingia shahada ya udaktari wa binadamu ukitokea kidato cha sita, unatakiwa uwe umefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Ndivyo ilivyo Muhimbili, ndivyo ilivyo Bugando pale Mwanza, ndivyo ilivyo KCMC Moshi. Jiografia haichukui nafasi ya Fizikia hata ukipata A. Nalisema waziwazi kwa sababu shuleni mara nyingi halisemwi. Niliwahi kukaa na kijana wa kidato cha sita, mwezi wa tatu, mitihani ya taifa ikiwa mwezi wa tano, akaniuliza chuo gani cha udaktari kinamfaa mtu wa CBG. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwa miaka miwili. Alikuwa anasoma kwa bidii kuelekea mlango uliofungwa siku aliyojaza fomu. Nisingependa na wewe upite hapo. Ukichagua CBG, ichague ukijua kwamba udaktari kwa njia ya kidato cha sita umeuacha.

Nusu ya mwalimu wa taaluma ni kwamba kombi inakufikisha mlangoni tu. Kinachokuingiza ndani ni alama. Matokeo ya kidato cha sita yanahesabiwa hivi kwa ajili ya chuo kikuu: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sharti la chini la kujiunga na shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, na kila kozi inaongeza masharti yake juu ya hapo. Mwanafunzi aliyemaliza PCB akapata Fizikia E, Kemia D na Biolojia D ana pointi 5. Udaktari haupati, na kozi nyingi nzuri zilizokuwa wazi kwa Kemia na Biolojia zinampita pia, kwa sababu waombaji ni wengi na vyuo vinaanza kuchukua kutoka juu. Mwenzake wa CBG aliyepata C, B na B ana pointi 11 na anachagua. Nimewaona wote wawili, tena wakitoka bweni moja.

Kwa hiyo swali la kujiuliza, kabla ya lile la kombi ipi ina heshima, ni hili: je, C yako ya Fizikia ni C ya namna gani?

C ya kidato cha nne inaanzia alama 45 na kuishia 64. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wote wameandikiwa C, na watakaa dawati moja, lakini hawako mahali pamoja. NECTA haitakuonyesha alama yenyewe. Unachoweza ni kukumbuka ulivyoipata. Mlikuwa na mwalimu wa Fizikia, au alikuja mwezi wa tisa akawapitisha kwenye pepa za nyuma? Praktiko mlifanya kwa mikono yenu, mkaning'iniza uzito kwenye springi na kusoma rula, au mlichorewa ubaoni mkakariri majedwali? Kama uliipata C bila mwalimu na bila maabara, basi hiyo C ina uwezo ndani yake ambao bado haujaguswa. Kama ulikuwa na mwalimu mzuri, tuisheni na maabara, na bado ikatoka C kwa jasho, hapo nitaanza kumsikiliza mwalimu wako wa taaluma kwa makini zaidi.

Na ile D ya Hisabati? Usiionee aibu. Hisabati ndilo somo lililoangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne miaka nenda miaka rudi, na wewe hukuanguka. Tena ujue kwamba itakufuata kote, kwa sababu wa PCB na wa CBG wote husoma ile Hisabati ndogo inayoitwa BAM. Tofauti iko kwenye Fizikia. Fizikia ya kidato cha tano inaanza na vipimo na makosa ya vipimo, halafu inaingia mekanika, na mekanika haiwezi kwenda hatua mbili bila Hisabati. Mwalimu wa Fizikia ataandika diferensiesheni ubaoni wakati mwalimu wa BAM hajaifikia. Mwenzako wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) atakuwa anaisoma kwa undani kwenye somo jingine. Wewe wa PCB itabidi uikamate mwenyewe, usiku, kwa kumuuliza huyohuyo wa PCM. Wanaofaulu PCB wakiwa na Hisabati dhaifu wapo, na nimewafundisha. Wote walikuwa na tabia moja: hawakuona haya kuuliza mtu wa darasa jingine.

Usinikubalie kwa maneno tu. Jipime. Chukua daftari, kaa peke yako, simu iweke mbali, ufanye maswali haya mawili.

La kwanza ni la Fizikia. Mpira umerushwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kwa pembe ya digrii 30 kutoka ardhini, uwanja ni tambarare. Chukua mvutano wa dunia kuwa 10. Utakaa hewani sekunde ngapi? Kidato cha nne kinakutosha hapa: 20 mara sine ya 30 ni 10, ndiyo kasi ya kwenda juu, sekunde moja kupanda, sekunde moja kushuka, jumla 2. Sasa swali lilelile kwa sura ya kidato cha tano. Mpira huohuo, kasi hiyohiyo, pembe hiyohiyo, lakini umerushwa kutoka ukingo wa jabali lenye kimo cha mita 15. Utachukua muda gani kufika chini kabisa? Usisome mbele kabla hujajaribu kwa nusu saa.

Umejaribu? Njia ni hii. Unachukua kwenda juu kuwa chanya, kwa hiyo mpira unamalizia kwenye hasi 15. Unapata mlinganyo: hasi 15 ni sawa na 10t kutoa 5t². Ukiupanga unakuwa t² kutoa 2t kutoa 3 ni sawa na sifuri, na majibu ni 3 na hasi 1. Sekunde 3 ndiyo jibu, na lazima uweze kueleza kwa nini hasi 1 umeitupa. Uliyekwama naomba uangalie umekwama wapi. Kama hukujua kwamba kushuka kunapewa alama ya hasi, hiyo ni Fizikia, inafundishika kwa jioni moja. Kama ulifika kwenye mlinganyo wa kwadratiki ukashindwa kuufungua, hiyo ni Hisabati ya kidato cha pili, nayo inatibika kwa wiki kadhaa za mazoezi. Kama ulisoma swali ukaona giza, ukarudia ukaona giza, na moyo ukakwambia funga daftari, usijidanganye. Fizikia ya advansi ni miaka miwili ya maswali ya namna hiyo, na magumu zaidi.

La pili ni la Kemia, na hili lifanye hata kama umeshaamua CBG, kwa sababu Kemia iko kwenye kombi zote mbili na huwezi kuikimbia. Gramu 10 za kalsiamu kaboneti zimewekwa kwenye sentimita za ujazo 100 za asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya moli 1 kwa lita. Utapata lita ngapi za gesi ya kabonidayoksaidi kwenye STP, yaani joto na kanieneo sanifu? Wanafunzi wengi wanakimbilia gramu 10 gawanya kwa 100, wanapata moli 0.1, wanazidisha kwa 22.4, wanaandika lita 2.24 na kupiga mstari chini. Wamekosa. Asidi iliyopo ni moli 0.1, na kila moli moja ya kaboneti inakula moli mbili za asidi. Asidi inaisha mapema, kaboneti inabaki gramu 5, na gesi ni lita 1.12. Miaka 22 nimefundisha Kemia kidato cha tano na sita, na swali hili huniambia kuhusu mwanafunzi kuliko cheti chake. Asiyekumbuka kuangalia kipi kinaisha kwanza hana shida ya akili. Alifundishwa fomyula akanyimwa maana. Ukiweza kunieleza kwa Kiswahili chako kwa nini asidi imeisha kabla, Kemia ya advansi unaiweza.

Ukishafanya hayo mawili, tafuta daftari la Fizikia la mtu aliyemaliza kidato cha tano, anza mwanzo, nenda nalo wiki tatu, saa mbili kwa siku. Matokeo yametoka, masomo yanaanza Julai, muda unao. Wazazi wengi kipindi hiki wanalipia prifomu faivu, yale masomo ya maandalizi kabla ya kidato cha tano. Kama mna uwezo si vibaya, lakini nyingi zinakimbiza mada ili mzazi aone daftari limejaa. Daftari la kuazima na mtu mmoja wa kumuuliza vinatosha kukupa jibu unalolitafuta.

Nikwambie na langu, mwanangu. Miaka ya nyuma nilikuwa na binti kama wewe kidato cha tano, CBG, Biolojia nzuri sana. Nikamshawishi ahamie PCB, kwa sababu niliona aibu kwamba akili kama ile inaacha Fizikia. Sikumuuliza anataka nini, na sikumpa swali hata moja la kujipima. Alihamia. Mwaka wa kwanza alipata usingizi wa saa nne tu kila siku, Fizikia ikamla muda wa Biolojia na Kemia, akatoka na alama ndogo kwenye zote tatu. Aliniambia asante siku ya kuondoka, na asante ile bado inaniuma. Ndiyo maana leo sikujibu swali lako kwa neno moja, ingawa najua ndilo ulilotegemea.

Sasa turudi kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Neno udaktari lipo, na kila lilipo limetoka kwa baba. Huzungumzii wodi, mgonjwa, dawa, wala siku uliyompeleka mtu hospitali ukatamani kujua anaumwa nini. Ulipofika kwenye kisima, ghafla unaona kila kitu: rangi ya chupa, kamba, mteremko, mpaka jioni. Hakuna aliyekutuma kuyaandika hayo.

Ninakueleza kilichokuwa kinatafutwa kwenye zile chupa, yumkini. Wachimbaji wadogo wanachanganya zebaki na mchanga uliosagwa. Zebaki inashikana na chembe za dhahabu na kuziacha taka nyingine. Donge lile linachomwa, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Hiyo ni Kemia. Zebaki iliyomwagika au iliyopaa inarudi ardhini na kuingia kwenye maji, na huko kuna bakteria wanaoigeuza kuwa aina nyingine, ambayo samaki wanaibeba mwilini, na samaki mkubwa anayekula wadogo anabeba nyingi zaidi, mpaka inafika kwenye sahani ya mtu na mtoto aliye tumboni. Hiyo ni Biolojia. Itaelekea kisima kipi, mvua ikinyesha itapita bonde gani, hiyo ni ile karatasi ya mteremko, Jiografia. Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji machafu ya kiwanda yenye zebaki, na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo. Kemia, Biolojia na Jiografia. Mjomba aliyesema CBG haina maisha anaishi Geita, na maji anayokunywa yanahitaji mtu wa CBG kuliko anavyojua.

Mtu wa CBG mwenye alama nzuri anapokelewa kwenye sayansi ya mazingira, Sokoine pale Morogoro na Chuo Kikuu Ardhi, kwenye kilimo, misitu, chakula na lishe, wanyamapori kule Mweka, na ualimu wa Kemia na Biolojia, ambao nchi inawahitaji kweli. Usinichukulie mimi kuwa ndiyo kitabu. Kila mwaka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inatoa mwongozo wa udahili kwa waliomaliza kidato cha sita, unapakuliwa bure. Ufungue, tafuta kozi tano unazozitamani, soma safu ya sifa za kujiunga neno kwa neno. Nusu ya ugomvi wa kombi majumbani ungeisha kama baba na mtoto wangekaa na mwongozo huo mezani jioni moja. Fanya hivyo pia kwa tahasusi mpya: Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, 49 kati yake mpya, na zipo za sayansi zenye majina ya kuvutia. Kabla hujavutwa na jina, angalia kwenye mwongozo inakupeleka kozi gani.

Ushauri wangu, basi. Kama wiki tatu za Fizikia zitaenda, yaani unakwama lakini unajikwamua, baki PCB. Nakwambia hivyo kwa sababu PCB haikufungii kazi ya maji na mazingira. Kemia na Biolojia unakuwa nazo, na udaktari unabaki wazi kama utaupenda wewe mwenyewe. Kama zitakuwa wiki tatu za giza, hamia CBG bila kuona haya, na uende ukiwa na lengo la alama za juu. Nikilazimishwa kubashiri kwa hiyo barua peke yake, nabashiri CBG. Lakini nimeshakosea kubashiri kwa niaba ya mtoto wa mtu, kwa hiyo kajipime.

Jambo moja kuhusu Biolojia, kwa kuwa B inakupa usingizi. Kidato cha tano na sita Biolojia ni ndefu mno, na mtihani wake unadai insha kwa Kiingereza. Wengi wanaoiangusha wanajua jibu lakini hawana sentensi za kulipeleka kwenye karatasi. Kiingereza chako ni C. Kuanzia sasa soma ukurasa mmoja wa kitabu cha Biolojia kila siku, ufunge, uandike upya kwa maneno yako.

Na baba? Usimwendee na neno "sitaki". Mwambie kwamba njia ya kwenda kutibu watu haipiti kidato cha tano peke yake. Kwa alama zako za Fizikia, Kemia na Biolojia unaweza hata sasa kuomba stashahada ya utabibu kwenye vyuo vya afya vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Ni miaka mitatu, na ukimaliza unafanya kazi kituo cha afya ukiwa tabibu. Anayetaka kuendelea na udaktari anaweza kuomba shahada kwa stashahada hiyo, akiwa na GPA (wastani wa alama) ya angalau 3.0 pamoja na ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa. Njia ya advansi ni miaka miwili, kisha mitano ya shahada, kisha mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, jumla minane kama hakuna kilichokwama. Baba akiviona vyote viwili kwenye karatasi, pamoja na gharama, mazungumzo yatakuwa mengine. Vilevile Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, kina stashahada za maji, zikiwemo za utafiti wa maji chini ya ardhi na maabara ya ubora wa maji. Sikusukumi huko, maana una daraja la kwanza na advansi unaiweza, ila ni vizuri mlijue nyote wawili.

Mpeleke baba kwa huyo mwalimu wa taaluma mkiwa watatu. Aeleze mbele yake kwa nini anasema PCB itakushinda. Ameona nini kwenye Fizikia yako? Pengine ana alama za majaribio yako ya ndani, na hizo zina maana kubwa kuliko ubashiri wangu na wako.

Dirisha la TAMISEMI la kubadili machaguo likifunguliwa, ingia mwenyewe kwa namba yako ya mtihani. Usimpe mtu wa steshenari akujazie huku wewe umesimama nje ya foleni. Nimeona watoto wamepangiwa kombi ambazo hawakuwahi kuzitamka. Angalia mpangilio wa machaguo, lile la kwanza ndilo unalolitaka kweli, kisha chapisha nakala uitunze. Na ukipangiwa shule, kabla ya kununua godoro tafuta mtu aliyemaliza hapo umuulize mambo mawili: mwalimu wa Fizikia yupo au anakuja kwa vipindi, na maabara ya Kemia inafunguliwa lini, kila wiki au mwezi wa nne kidato cha sita. Ukikuta hali ni mbaya kwenye somo la kombi yako, huwa inawezekana kuomba kuhama kombi ndani ya wiki za mwanzo kama nafasi ipo na mkuu wa shule amekubali. Baada ya hapo mada zinakuwa zimekwenda mno.

Halafu kuna ile chupa ya kahawia. Maji yalipelekwa maabara, na majibu yake yapo mahali fulani. Nenda ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, au anzia kwa mtendaji wa kijiji, jitambulishe kwa adabu, useme kisima ni chenu na ungependa kuona matokeo ya vipimo. Ukipata karatasi, angalia mstari wa zebaki na kipimo kinachoruhusiwa pembeni yake. Usichokielewa kwenye karatasi hiyo kiandike, uniletee.